Gurudumu la Baiskeli ni Kazi ya Serikali Pia

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona dogo mno kwa safu hii, nalo ni gurudumu la baiskeli. Hatuzungumzii baiskeli inayopandwa Jumapili kwa kujifurahisha, wala baiskeli ya mtoto. Tunazungumzia ile ambayo mtu mzima huitegemea kumfikisha kazini na kumrudisha nyumbani kila siku ya mwaka, masika na kiangazi, akiwa na mzigo au bila mzigo. Tunauliza kwa nini gurudumu la baiskeli hiyo hufa kabla ya wakati wake, na ni nani anayepaswa kuulizwa.

Mfano wetu tumeuchukua Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Wasomaji wetu wa Unguja, Pemba na Mafia wana haki ya kuuliza Kilosa ina nini nao, na ni adabu tuwajibu mapema. Spoku anayoinunua mvuvi wa Wete na spoku anayoinunua mkulima wa Rudewa ni bidhaa moja, iliyotoka ng'ambo ndani ya makasha ya namna moja. Tena gurudumu la visiwani huliwa na chumvi, na la Kilosa huliwa na tope na mzigo, lakini anayeyatazama yote mawili pamoja ataona kwamba chanzo cha ugonjwa ni kimoja. Na mwenye kununua unga au mchele wa bara katika soko la Mwanakwerekwe akumbuke kwamba chakula kama hicho, kabla hakijapanda lori wala jahazi, aghalabu kimeanza safari yake juu ya keria ya baiskeli.

Kilosa si mahali palipoachwa nyuma na njia kuu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, imepita hapo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa, iendayo Dodoma kutoka Dar es Salaam, nayo hupita Kilosa, ikipenya milima kwa mahandaki. Upande wa kusini, Mikumi iko juu ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Kwenye ramani ya ofisini, basi, wilaya hii imeshikwa pande zote kwa chuma na lami. Lakini abiria akishuka kituoni, kati yake na nyumbani kwake zimebaki kilomita nane, au kumi na mbili, au ishirini, na hizo hazimo katika taarifa ya reli. Hizo ni za miguu na baiskeli.

Tazama njia ya zamani itokayo Kilosa mjini kwenda Mikumi, ikipitia Ulaya na Zombo. (Mtu wa Kilosa akikuambia kwamba leo asubuhi ametoka Ulaya kwa baiskeli usimcheke, Ulaya ni kata ya huko huko, na hakuhitaji pasi ya kusafiria.) Wakati wa kiangazi vumbi lake ni laini kama unga, na chini ya vumbi limejificha jiwe. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga hunasa tairi, hujaa katika foku, na gurudumu hukataa kuzunguka. Mwenye baiskeli hushuka, akatafuta kijiti, akakwangua, akaenda hatua mia, akakwangua tena. Kisha huja kijito kisicho na daraja. Akivuka kwa kusukuma, maji hufika katikati ya gurudumu na kuingia ndani ya habu, grisi ikasafishwa, gololi zikabaki zinasagana na mchanga. Haya yote yatokea siku moja, na kesho yake ni siku ya kazi.

Juu ya keria pana gunia la mahindi liendalo mashineni, au madumu ya maji, au mikungu ya ndizi, au mgonjwa. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Gurudumu la nyuma likifanya umbo la nane katikati ya njia, mwenye mahindi atachelewa. Mwenye mgonjwa hatuhitaji kueleza.

Tumezungumza na mafundi, na tumeketi nao chini ya miembe yao, maana karakana ya fundi baiskeli nchini kwetu ni kivuli cha mti, pampu moja, karai la maji la kutafutia pancha, na kopo la gololi. Tuliwauliza ni kitu gani kinachowaletea wateja wengi baada ya pancha. Walijibu neno moja: spoku. Basi yafaa tuseme kwa kirefu kidogo jinsi spoku inavyofanya kazi, kwa sababu viongozi wanaopitisha bei na zabuni wangelijua jambo hili, mengi tunayoyalalamikia yasingalitokea.

Mtu hudhani kwamba habu imesimama juu ya spoku za chini kama nyumba iliyosimama juu ya nguzo. Sivyo. Spoku ni uzi wa chuma wenye unene wa milimita 2 hivi, na ukiusukuma kwa ncha kwa kidole hupinda. Nguvu yake yote imo katika kuvutwa. Fundi anapozikaza spoku, kila moja huivuta ringi kuelekea katikati, na ringi hukaa imeshikwa pande zote sawasawa. Mzigo ukiwekwa, ringi hubonyea kidogo sana pale inapoelekea ardhi, na zile spoku chache zilizo chini hupunguza mvuto wake. Kupungua huko ndiko kunakobeba mzigo. Gurudumu likizunguka, hizo hupanda na kuvutwa tena, na nyingine hushuka na kulegea kwa zamu yake. Mpangilio wa spoku zinazopishana kwa mshazari tunaouona hata leo ulipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1874, kwa jina la James Starley wa Coventry, Uingereza, na tangu hapo hakuna aliyepata njia bora zaidi kwa mtu wa kawaida.

Sasa tupige hesabu. Gurudumu la baiskeli kubwa ya inchi 28 husafiri mita 2 na sentimita 20 hivi kila linapozunguka mara moja. Kwa kilomita moja, basi, huzunguka mara 450. Mfanyakazi aishiye kilomita 8 kutoka kazini huenda na kurudi kilomita 16, na kila spoku ya gurudumu lake hulegea na kukaza mara 7,200 kwa siku. Akienda kazini siku 300 kwa mwaka, hiyo ni mara 2,160,000. Mtoto akiukunja waya huku na huku mara ishirini hukatika. Waya wa baiskeli umeombwa uvumilie mara milioni mbili kwa mwaka. Na huvumilia, kwa sharti moja: usiachwe ukalegea hadi ukawa tepetepe. Spoku iliyokazwa vyema hupoteza sehemu tu ya mvuto wake ikifika chini. Iliyolegea tangu mwanzo huwa haina kazi kabisa ikifika chini, kisha hushtuliwa kwa nguvu inapopanda, na mshtuko huo huishia kwenye kiwiko, pale inapopinda kuingia katika tundu la habu. Ndipo hukatika hapo, na wala si katikati.

Kwa hiyo, kinyume cha wanavyodhani wenye baiskeli wengi, spoku haikatiki kwa sababu fundi ameikaza mno. Aghalabu hukatika kwa sababu hakuna aliyeikaza. Baiskeli mpya hufika ikiwa vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa hapa. Anayelipwa kwa idadi ya baiskeli anazounganisha hana sababu ya kupoteza nusu saa juu ya gurudumu moja. Hulisokota mpaka lizunguke bila kugusa breki, na kwa macho ya mnunuzi limenyooka. Limenyooka, lakini halijakazwa sawa: spoku moja imevuta kazi ya mbili, na jirani yake imelala. Baada ya wiki mbili za njia ya Zombo mambo yote hudhihirika.

Fundi mzuri hufanya vingine. Huzikaza taratibu kwa mizunguko mingi, kisha huzishika mbili mbili kwa viganja na kuziminya kwa nguvu, mzunguko mzima, mpaka viwiko vyake vikae barabara katika habu na chuma kitulie. Kisha hukaza tena. Mwisho huzigusa moja moja kwa ukucha na kusikiliza. Za upande mmoja zapaswa kulia sauti moja. Mpigaji kanuni wa taarabu angelielewa jambo hili upesi kuliko injinia. Kazi hiyo yataka saa moja na zaidi, na mteja anayejua thamani yake ni adimu, kwa sababu gurudumu lililokazwa vibaya na lililokazwa vizuri hufanana siku ya kwanza.

Zipo pia spoku ambazo hata fundi huyo hawezi kuziokoa. Unene wa spoku ukipungua kutoka milimita 2 hadi milimita 1.8, imepoteza karibu moja ya tano ya chuma chake, na hakuna jicho la mnunuzi linaloweza kuona tofauti hiyo. Kinyume chake, spoku ya milimita 2.3 ina chuma zaidi kwa karibu theluthi moja kuliko ya milimita 2. Wachukuzi wa mizigo wanaojua kazi yao huitafuta hiyo kwa gurudumu la nyuma, wakapata na habu yenye matundu ya kuitosha. Baiskeli za zamani za mtindo wa Kiingereza zilikuja na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu walioziunda walijua kwamba mtu na mzigo wake hukaa nyuma. Spoku moja ikikatika kati ya 40, mwenye baiskeli hufika nyumbani akasema atakwenda kwa fundi kesho. Ikikatika moja kati ya 20, ringi hupinda papo hapo na kugusa breki, na safari imekwisha.

Tumetaja 20 kwa sababu. Siku hizi zimeingia nchini baiskeli nyingi zilizokwisha kutumika, kutoka Japani na kutoka Ulaya, ile Ulaya nyingine. Miongoni mwake zimo baiskeli nyepesi za barabarani, zenye usukani uliopinda na matairi membamba ya milimita 23 au 25. Vijana wanazipenda, na hatuwalaumu. Ni nzuri, ni nyepesi, na juu ya lami hukimbia kama swala. Lakini gurudumu lake limeundwa kwa mpandaji asiye na mzigo katika barabara laini. Tairi jembamba lazima lijazwe upepo mwingi sana, la sivyo ringi hugonga jiwe. Na likijazwa hivyo, kila shimo hupelekwa moja kwa moja kwenye spoku. Kijana anayeifunga keria baiskeli ya namna hiyo na kupakia gunia kati ya Kimamba na Kilosa ameshalihukumu gurudumu lake la nyuma. Ushauri wetu kwake ni kwamba, kama fremu inaruhusu, atafute ringi yenye matundu 36 na tairi pana kadiri litakavyoingia, na asiione haya baiskeli yake ikipoteza urembo.

Ringi za alumini za baiskeli hizo zina adui mwingine asiyeonekana. Breki zake hubana ubavu wa ringi. Tope la Kilosa lina mchanga, na mchanga ukikaa kati ya mpira wa breki na ringi hugeuka kuwa msasa. Kila anaposhuka kilima mwenye baiskeli huikwangua ringi yake, na ubavu hukonda mwaka hata mwaka bila yeye kujua, mpaka siku upepo wa tairi unapoupasua. Weka ukingo wa rula juu ya ubavu wa ringi: ukiona umebonyea katikati kama sahani, usipande tena. Breki za fito za baiskeli kubwa za zamani hazikuwa na ila hii, kwa kuwa zilibana ringi kwa upande wa ndani. Zilikuwa na ila ya kutoshika wakati wa mvua, na hiyo tunaikumbuka vizuri, hasa tuliojifunza kupanda kwenye vilima vya Pemba.

Na hapa tugeukie visiwani. Nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa, utaona baiskeli zikipita juu ya mchanga mbichi wa pwani kama watu wapitao barabara kuu. Nyuma ya baadhi yake pana magunia ya mwani mbichi, yanayodondosha maji ya chumvi juu ya spoku, juu ya ringi, na ndani ya habu. Spoku iliyopakwa zinki huanza kutoa unga mweupe, kisha hugeuka nyekundu, na hatimaye vile vinati vinavyoikazia kwenye ringi hushikana nayo kwa kutu. Hapo fundi hawezi tena kukaza chochote; akilazimisha, spoku hukatika mkononi mwake. Tazama basi jinsi mambo yanavyokutana: wa Kilosa gurudumu lake hulegea kwa sababu hakuna aliyelikaza, na wa Jambiani gurudumu lake hulegea kwa sababu halikaziki. Yote mawili hufa kwa kulegea. Na yote mawili yangaliishi muda mrefu kama spoku zingalikuwa za chuma kisichoshika kutu, zenye unene uliotajwa kwenye pakiti, na zimekazwa na mtu aliyefundishwa.

Kwa wakazi wa pwani tunaongeza neno moja la nyumbani: ndoo ya maji baridi juu ya magurudumu kila jioni ya kazi ya mwani, na kitambaa chenye mafuta kidogo juu ya spoku mwisho wa wiki. Na anayetaka kujua kama spoku alizouziwa ni kweli za chuma kisichoshika kutu, aiweke moja katika kikombe cha maji ya bahari kwa wiki moja. Bahari haihongwi.

Lakini si haki kumwachia mvuvi na mkulima kazi ya kukagua bidhaa kwa kikombe. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2011, ili mnyonge asiwe peke yake mbele ya muuzaji. Kukagua spoku hakuhitaji maabara kubwa. Mkaguzi mwenye kipimo cha unene mkononi, akifungua pakiti tano katika kila shehena, atajua kwa dakika kumi kama milimita 2 zilizoandikwa ni milimita 2 zilizomo. Tunaziomba taasisi hizo mbili zilifanye jambo hili kwa pamoja na kwa kipimo kimoja, kwa sababu pakiti iliyokataliwa Dar es Salaam haishindwi kupanda jahazi, na iliyokataliwa Malindi haishindwi kurudi bara. Na wizara za fedha za pande zote mbili, zinapopanga ushuru, zisiiweke spoku, ringi na gololi katika fungu moja na vitu vya anasa. Mwenye kununua gololi kumi hajengi ghorofa.

Tulikuwa na kiwanda chetu. Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, ilikuwa Dar es Salaam na ikauza baiskeli zilizoitwa Swala, na wapo wazee wanaozikumbuka mpaka leo. Hatudai kwamba zilikuwa hazina kasoro. Tunasema tu kwamba mtu aliyekatikiwa na spoku wakati huo alijua mlango wa kubisha. Leo mlango huo haupo, na ndiyo maana mkaguzi anahitajika zaidi kuliko zamani.

Halmashauri, wizara na wafadhili wanaogawa baiskeli kwa wahudumu wa afya, mabwana shamba na wanafunzi wa mbali, nao tunawasemesha kwa heshima. Baiskeli ya msaada hupokewa kwa picha na hotuba. Mwaka mmoja baadaye mara nyingi huonekana imeegemezwa ukutani nyuma ya zahanati, ina kila kitu isipokuwa gurudumu la nyuma. Si wizi, ni zabuni iliyotaja idadi na bei bila kutaja spoku. Tungependa kila hati ya zabuni iseme waziwazi: spoku za nyuma zisipungue 36, ziwe nene, ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila baiskeli ije na spoku sita za akiba na spana yake ndogo. Na malipo ya mwisho yazuiwe mpaka magurudumu yakazwe kwa mara ya pili baada ya wiki mbili za matumizi, kwa maana gurudumu jipya hulegea kidogo likianza kazi. Bei itapanda kiasi. Idadi itapungua kiasi. Tunaona ni heri baiskeli themanini zinazotembea kuliko mia moja zilizoegemezwa.

Wapo watakaosema kwamba tumechelewa, kwamba huu ni wakati wa bodaboda na baiskeli imepitwa. Hoja hii tumeisikia katika ofisi zaidi ya moja. Ni kweli kwamba pikipiki zimeenea, na zimewaokoa wengi. Lakini bodaboda hudai nauli kila unapopanda, na petroli haiotI shambani. Mlinzi wa usiku, kibarua wa mashamba ya mkonge, mwanafunzi wa sekondari ya kata, hawa hawawezi kulipa nauli mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Mradi wa usafiri wa vijijini uliofanyika Makete kati ya mwaka 1985 na 1996 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani ulionyesha kwamba safari nyingi za mwanakijiji haziendi mjini kabisa. Ni za maji, kuni, shamba na mashine, karibu na nyumbani, na mzigo wake mkubwa huchukuliwa kichwani na wanawake. Safari za namna hiyo hazijapungua kwa sababu ya kuja pikipiki. Kila baiskeli inayosimama kwa kukosa spoku hurudisha mzigo wake juu ya kichwa cha mtu, na tunajua ni kichwa cha nani.

Limebaki jambo la barabara, nalo tutalisema kwa Mikumi. Barabara kuu inakatisha katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita 50 hivi. Ndani ya hifadhi yamewekwa matuta na mipaka ya mwendo, na dereva anayemgonga mnyama hutozwa faini. Ni vyema, na hatutaki hata tuta moja liondolewe. Lakini ukitoka hifadhini ukaingia mji wa Mikumi na vijiji vya mbele yake, mpanda baiskeli anagawana lami na malori yaendayo Zambia na Kongo. Lori likija kutoka nyuma, hana pa kwenda ila pembeni. Na pembeni, mahali pengi, ukingo wa lami umekatika na umeinuka juu ya udongo kwa kimo cha kiganja. Gurudumu la mbele huanguka kutoka juu ya ukingo huo. Akijaribu kupanda tena kwa mshazari, tairi husugua ukingo, hukataa, na yeye huangukia upande wa barabara. Gurudumu imara lililokazwa vizuri laweza kustahimili anguko la kwanza. Lililolegea hukunjika hapo hapo, na lori la pili li nyuma.

Hatuombi njia za baiskeli kama za Uholanzi. Tunawaomba TANROADS, na TARURA kwa barabara za wilaya, wajaze kingo kila baada ya masika kama wanavyojaza mashimo, na wahesabu ukingo uliokatika kuwa ni shimo. Mkandarasi anayekabidhi kipande cha lami akaguliwe pembeni pia. Katika barabara ya kutoka Dumila kwenda Kilosa, ambayo imekuwa ikitiwa lami kipande kwa kipande, bado yafaa jambo hili liangaliwe mapema kabla mvua hazijala udongo wa kando. Visiwani nako tumeona barabara mpya nzuri ambazo ukingo wake unaishia juu ya mawe makali ya matumbawe. Huko si ringi tu inayoumia, ni goti na paji la uso.

Mwisho ni mafundi. Mikumi kuna chuo cha VETA, na Zanzibar ina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Vijana husomeshwa umeme, magari, uashi na ushonaji. Ufundi wa baiskeli umeachwa ujifundishe wenyewe chini ya mwembe, kama kwamba haufai darasa. Tunapendekeza somo la gurudumu, la wiki tatu tu, kwa ajili ya mafundi waliokwisha kuwa kazini: kusuka spoku, kukaza, kusikiliza sauti, kupima unene, kuosha habu na kubadili gololi, kutambua ringi iliyokonda. Lifanyike katika miezi ya kiangazi, baada ya mavuno, wakati wateja wana fedha na mafundi wana nafasi. Gharama ya kuanzia ni magurudumu mabovu, ambayo Kilosa na Mikumi hayakosekani, spana za spoku ishirini, vipimo viwili vya unene, na kopo la grisi. Mwalimu pia yupo. Ni fundi mzee ambaye vijana wa hapo huenda kumwuliza gurudumu likiwashinda. Tunatumaini hataombwa cheti.